Thaimasi haiijui malaria: jibu kwa mhudumu wa afya wa Kaole

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii hapa Kaole, Bagamoyo. Kwenye semina tuliambiwa kwamba seli T za kinga zinatoka ndani ya mifupa, halafu zinakwenda kwenye tezi iliyo kifuani, thaimasi, na huko ndiko zinakofundishwa kupambana na magonjwa. Tukaambiwa pia kwamba tezi hiyo husinyaa mtu akishabalehe. Nilipoyaeleza haya mtaani, mzee mmoja akaniuliza: kama shule inafungwa ujanani, mbona sisi wazee malaria inatupitia juu juu, na wajukuu zetu ndio wanaolazwa? Nilikosa jibu. Hizo seli zinafundishwaje habari za malaria humo kifuani? Halafu kuna mama ambaye mwanawe alipasuliwa moyo Dar es Salaam, akaambiwa sehemu ya tezi hiyo imeondolewa. Sasa anaogopa kumpeleka kliniki kuchanjwa. Nimwambie nini?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu, na huyo mzee mfikishie salamu zangu. Swali lake ni zito kuliko mengi ninayoulizwa darasani, maana limegonga pale pale ambapo maelezo ya semina yanavuja. Aliyewaambia kwamba seli T hufundishwa kupambana na magonjwa alirahisisha mambo hadi yakapinda. Ndani ya thaimasi hakuna somo la malaria. Hakuna la kifua kikuu, la surua wala la UKIMWI. Thaimasi haimjui adui hata mmoja. Kipimo chake ni kimoja tu, nacho ni mwili wa mwenye tezi. Hilo likieleweka, mzee atapata jibu lake, lakini itabidi tuifuate seli moja kutoka inapoingia hadi inapotoka.

Thaimasi iko nyuma ya mfupa wa kidari, imeulalia moyo kwa juu, nayo ina pande mbili. Mtoto akizaliwa, huwa na uzito wa gramu 10 hadi 15 hivi. Kufikia balehe hufika 30 hadi 40, kisha huanza kupungua na nafasi yake kujaa mafuta. Ukichinja mbuzi mchanga utaiona bila shida: nyama laini, ya waridi iliyopauka, shingoni na juu ya moyo. Mpasue beberu mzee mahali pale pale, utakuta shahamu.

Kwa muda mrefu madaktari wa Ulaya na Marekani hawakujua kazi yake, na kutojua huko kuliwadhuru watu. Maiti walizozitumia kujifunzia zilikuwa nyingi za maskini, watu waliokufa baada ya kuugua na kushinda njaa, ambao thaimasi zao zilikuwa zimekwisha kunyauka. Basi alipokufa ghafla mtoto mwenye siha nzuri, wakampasua, wakakuta thaimasi yenye ukubwa wake wa kawaida, wakasema: hii imevimba, ndiyo iliyomkaba. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 watoto wengi walipigwa mionzi kifuani ili tezi isinyae, na baadhi yao ukubwani wakapata saratani ya tezi ya thairoidi. Huwa nawasimulia wanafunzi wangu kisa hiki kabla ya jambo lingine lolote, na baadaye utaona kwa nini njaa ile ya maiti ina maana hata kwako hapo Kaole.

Aliyelifumbua fumbo ni Jacques Miller, mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Akifanya kazi London, aliwatoa thaimasi panya waliozaliwa punde tu. Panya hao wakakonda, wakawa wanaandamwa na maambukizi, na walipopachikwa ngozi ya panya wa ukoo mwingine, waliipokea kama yao. Damu yao ilikuwa na upungufu mkubwa wa zile chembe nyeupe ambazo leo tunaziita seli T. Hiyo herufi T imetokana na jina la tezi. Lakini panya wakubwa walipotolewa thaimasi, hawakuonyesha madhara makubwa ya haraka. Hilo la panya wakubwa liweke akiba, tutalirudia.

Sasa safari yenyewe. Seli zinazoingia thaimasi hutoka kwenye uboho wa mifupa, au kwenye ini kwa mtoto ambaye bado yuko tumboni, zikasafiri kwa damu. Zinapofika bado si seli T. Zingeweza kuwa kitu kingine. Huingilia kwenye mpaka kati ya tabaka la nje la tezi na sehemu yake ya ndani, na hapo hukutana na seli wenyeji ambazo zimebeba protini iitwayo DLL4. Protini hii huigusa nyingine, Notch1, iliyo juu ya seli mgeni, na mguso huo ndio unaoamua: wewe sasa ni wa ukoo wa T. Notch1 ikiondolewa kwa panya wa maabara, ndani ya thaimasi huota seli B, zile za kutengeneza kingamwili (protini za kinga zinazoelea kwenye damu), mahali ambapo hazikutakiwa.

Kutoka hapo seli hupanda kuelekea tabaka la nje, zikiendelea kugawanyika kwa msaada wa kichocheo kiitwacho interlukini-7. Mtoto akizaliwa na hitilafu kwenye kipokezi cha kichocheo hicho, hukosa seli T, na maambukizi ambayo wenzake wanayapita kwa mafua ya siku tatu humuua. Wakati huu seli zetu hazina CD4 wala CD8, protini mbili za juu ya seli T. Nazitaja kwa sababu najua CD4 unaijua kutoka CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU. Itakuja hivi punde.

Ndipo linapotokea jambo ambalo, pamoja na kulisomesha miaka mingi, halijaacha kunishangaza. Vimeng'enya viwili, RAG1 na RAG2, huikata DNA ya seli husika, huondoa vipande na kuunganisha vilivyobaki. Kinachotungwa ni kipokezi, protini ya juu ya seli inayokamata kipande cha protini nyingine. Kipokezi cha seli T nyingi kina minyororo miwili, alfa na beta. Huanza beta. Jeni lake limegawanyika katika vipande vya aina tatu: V, ambavyo ni karibu 50, D ambavyo ni 2, na J ambavyo ni 13. Seli huchagua kimoja cha kila aina, bila mpango, na kwenye maungio huongezwa au kupunguzwa herufi kadhaa za DNA, nazo bila mpango. Matokeo yake, maungio mawili kati ya matatu huharibu usomaji wa jeni na hayatoi protini yoyote ya maana. Seli ina nakala mbili za kromosomu, kwa hiyo ina nafasi ya kujaribu tena. Ikishindwa kote, hufa. Ikipata beta inayofaa, hugawanyika mara nyingi, huota CD4 na CD8 zote mbili kwa pamoja, kisha kila mtoto wake hutunga mnyororo wake wa alfa kwa bahati nasibu ile ile.

Hapo ndipo kila seli huwa na kipokezi chake, tofauti na cha jirani yake. Na hapa namwomba mzee wako asikilize: hakuna kilichoelekeza kipokezi hicho kiweje. Malaria haikushauriwa. Kati ya vipokezi vingi mno vilivyotungwa hivyo, vimo vitakavyokamata kipande cha protini ya kimelea cha malaria, na vimo vya magonjwa ambayo bado hayajazuka duniani. Vimo pia visivyo na faida yoyote, na vimo vya hatari, vinavyokamata protini za ini lako, ngozi yako na ubongo wako.

Mfikirie fundi anayechonga funguo gizani, maelfu kwa maelfu, bila kuona kufuli hata moja. Mwenye nyumba hawezi kuzijaribu kwenye milango ya wezi, kwa sababu haijui ilipo. Anachoweza ni kuzijaribu kwenye milango yake mwenyewe. Ufunguo usioingia kabisa tunduni ni chuma tu, unatupwa. Ufunguo unaoingia na kuufungua mlango wa nyumba hiyo ni hatari, nao unatupwa. Unaobaki ni ule unaoingia tunduni lakini hauzunguki. Hizo ndizo seli T zinazoruhusiwa kutoka.

Tundu hilo kwenye mwili ni molekuli za HLA, ambazo hukaa juu ya seli zikiwa zimeshika vipande vidogo vya protini kutoka ndani ya seli. Seli T haioni protini nzima inayoelea kwenye damu. Huona kipande kilichoshikwa na HLA, basi. Ugunduzi huo ni wa Rolf Zinkernagel na Peter Doherty, walioufanya Canberra, Australia, na uliowapa Tuzo ya Nobel mwaka 1996. Kwa hiyo jaribio la kwanza hufanyika kwenye tabaka la nje la thaimasi: je, kipokezi chako kinaweza kuigusa HLA ya mwili huu, walau kidogo? Seli ambayo haigusi chochote haishambuliwi na mtu. Hukosa tu ishara ya kuishi, na ndani ya siku 3 au 4 hujifisha yenyewe, ikasafishwa na makrofaji, seli zinazomeza mabaki. Nyingi mno huishia hapo.

Katika jaribio hilo hilo ndipo seli hupata njia yake. Kipokezi kikishikamana na HLA ya daraja la kwanza, seli hubaki na CD8 na kuacha CD4. Hizo ndizo seli zinazoua seli nyingine zilizoambukizwa. Kikishikamana na ya daraja la pili, hubaki na CD4, na hizo ndizo zinazosaidia na kuratibu seli nyingine. Kile kipimo cha CD4 ulichozoea kukiona kwenye faili za wateja wa CTC kinahesabu seli zilizopita njia hii.

Kisha seli hushuka sehemu ya ndani ya tezi kwa jaribio la pili. Kwa miaka mingi lilikuwepo swali gumu hapa. Thaimasi iko kifuani. Seli itakayokuja kuishambulia kongosho itajulikanaje humo, wakati kongosho liko tumboni? Jibu ni la ajabu kidogo: baadhi ya seli wenyeji wa sehemu ya ndani hutengeneza protini za viungo vingine. Zinatengeneza insulini, ambayo ni kazi ya kongosho. Zinatengeneza protini za thairoidi, za macho, za tumbo. Hazifanyi hivyo ili zitumike, bali ili zionyeshwe. Anayewezesha sehemu kubwa ya maonyesho hayo ni jeni liitwalo AIRE, lililotambuliwa mwaka 1997, na mwaka 2002 majaribio ya panya yakaonyesha kwamba kazi yake kubwa iko humo ndani ya thaimasi. Seli T inayoshika kwa nguvu mojawapo ya protini hizo huamriwa kufa.

Mtoto anayezaliwa na AIRE mbovu hupata fangasi sugu wa mdomoni, tezi za kalisiamu hushambuliwa na kinga yake mwenyewe, kisha tezi za juu ya figo. Hakuna mdudu aliyeingia kutoka nje. Wahenga walishasema: kikulacho ki nguoni mwako. Ni ugonjwa adimu sana, pengine hutakutana nao, lakini ndio uliotufundisha mengi kuhusu kisukari cha aina ya kwanza na jamaa zake.

Si kila seli inayoipenda miili yetu kupita kiasi huuawa. Chache huongolewa, zikaota protini iitwayo FOXP3, na kazi yao ikawa kuwatuliza wenzao huko nje. Hizi ziliwaletea Mary Brunkow, Fred Ramsdell na Shimon Sakaguchi Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2025. Sakaguchi alianzia na panya waliotolewa thaimasi siku ya tatu baada ya kuzaliwa, ambao walipata magonjwa ya kinga kuushambulia mwili, na hivyo kuonyesha kwamba tezi haitoi askari pekee, hutoa na wa kuwazuia.

Kwa panya mchanga, thaimasi hutengeneza karibu seli milioni 50 kwa siku. Zinazotoka ni milioni 1 hadi 2. Zilizobaki hufa humo humo. Mimi siuiti huo ufundishaji. Mwalimu anayefelisha wanafunzi 96 au zaidi kati ya 100 na kuwazika uwanjani angefukuzwa kazi. Ni uchujaji, na ni mkali.

Upo ushahidi mmoja unaomaliza ubishi kuhusu kama thaimasi ingefaa kumjua adui. Kuna virusi vya panya viitwavyo LCMV. Panya mkubwa akiambukizwa, kinga yake huvipiga na mara nyingi hushinda. Lakini panya akiambukizwa akiwa bado tumboni, virusi huingia hadi kwenye thaimasi, na tezi, isiyojua tofauti, huvihesabu kama sehemu ya mwili. Seli T zote zenye uwezo wa kuvikamata huchujwa na kuuawa. Panya huyo hubeba virusi hivyo maisha yake yote bila kuvipiga. Unaona sasa? Adui akiingia darasani, seli hazijifunzi kumpiga. Wanaojua kumpiga ndio wanaoondolewa.

Turudi Kaole, kwa mzee.

Seli T ikitoka thaimasi haijawahi kumwona adui. Huzunguka kati ya damu, bandama na tezi za limfu, zile ambazo zikivimba kinenani tunasema mtu ana mtoki. Kwa kipande chochote cha protini ya malaria, huenda ni seli moja tu kati ya laki moja, au hata milioni, yenye kipokezi kinachokifaa. Mtoto anapoumwa na mbu mwenye vimelea kwa mara ya kwanza, seli hiyo moja lazima ikutane na kipande chake, igawanyike kwa siku kadhaa hadi ziwe maelfu, na wakati huo kimelea nacho hakijalala. Ugonjwa ukiisha, sehemu ndogo ya watoto wa seli ile hubaki kama kumbukumbu. Safari ijayo hazianzi na moja. Elimu ya malaria, kama tunataka kuiita elimu, hutolewa huko, kwenye bandama na tezi za limfu, wala si kifuani.

Kwa malaria kuna ugumu wa ziada. Chembe nyekundu za damu hazina HLA za kuonyesha vipande, kwa hiyo kimelea kikishaingia ndani yake, seli za CD8 hazikioni. Zinaweza kukiona kikiwa bado kwenye seli za ini tu, siku chache za mwanzo. Kwenye damu, kazi kubwa ni ya kingamwili, na kingamwili bora hutengenezwa na seli B zikisaidiwa na seli T za CD4. Hili nalo lilithibitishwa mwaka 1961, na safari hii Afrika: watafiti Cohen, McGregor na Carrington walichukua kingamwili kutoka kwenye damu ya watu wazima wa Gambia, wakawapa watoto waliokuwa wanaugua malaria, na vimelea kwenye damu ya watoto hao vikapungua sana. Mzee wako ana damu ya namna hiyo. Ameipata kwa kuumwa na mbu tangu utoto.

Kwa nini inachukua miaka? Kimelea cha malaria kiitwacho falsiparamu hubadilisha protini anayoivalisha chembe nyekundu, na kina jeni kama 60 za protini hiyo, anavaa moja anavua nyingine. Kinga lazima ikusanywe kidogo kidogo, sura baada ya sura. Wajukuu hawajafika huko. Na hata iliyokusanywa hupungua isipochochewa: kijana wa Bagamoyo akikaa Ulaya miaka mingi kisha akaja likizo, asishangae malaria ikimlaza wakati waliobaki nyumbani wanaiita homa ya kawaida. Uzee peke yake haumkingi mtu.

Basi shule kufungwa hakumwondolei mzee alichokwisha kukipata. Thaimasi ilifanya kazi yake kubwa alipokuwa mdogo: ilimjazia ghala la seli zenye vipokezi vya kila namna. Hizo huishi miaka mingi, na kwa mtu mzima hujiongeza kwa kugawanyika zenyewe huko huko mwilini, bila kuingojea tezi. Ndiyo maana panya wakubwa wa Miller hawakuyumba haraka. Lakini bei ipo, na huonekana unapokuja ugonjwa mpya kabisa. Kumbuka UVIKO-19: watoto wengi waliupita kwa mafua, wazee ndio waliokufa. Sababu ni nyingi, ila mojawapo ni kwamba wazee wana seli chache ambazo hazijawahi kutumika. Kwa adui wa zamani mzee ni tajiri. Kwa adui mpya mtoto ana akiba kubwa zaidi. Mwambie hivyo, ataelewa upesi kuliko wanasemina wengi.

Na chanjo? Hizo nazo haziendi kwenye thaimasi. Bagamoyo mnalijua hili kwa vitendo, maana Taasisi ya Afya Ifakara ina kituo hapo, na majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S yaliyoanza mwaka 2009 yalifanyika Bagamoyo na Korogwe, miongoni mwa vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, kwa watoto zaidi ya 15,000. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Oktoba 2021. Ya pili, R21, ambayo nayo ilijaribiwa Bagamoyo, ilipendekezwa Oktoba 2023. Chanjo hizi huuonyesha mwili kipande cha protini ya kimelea kabla mbu hajakileta, na yanayofuata hutokea kwenye tezi za limfu zilizo karibu na sindano ilipochomwa. Zinategemea seli ambazo thaimasi ilishazitoa. Kama hazipo, hakuna cha kuchanja.

Kwa kazi yako ya mtaani, hapa ndipo ningependa utie mkazo, kuliko kwenye majina ya protini. Thaimasi ya mtoto ni dhaifu mbele ya njaa. Mtoto mwenye kwashakoo au unyafuzi hupoteza sehemu kubwa ya tezi hii kabla hata misuli haijaisha. Ndiyo ile njaa ya maiti niliyokutajia. Habari njema ni kwamba hurudi. Habari isiyo njema ni kwamba huchelewa. Utafiti uliofanywa Bolivia miaka ya 1990, ambao ulipima thaimasi za watoto wenye utapiamlo mkali kwa ultrasaundi, ulionyesha kuwa mwili ulirudi katika hali nzuri kwa mwezi mmoja hivi, lakini tezi ilihitaji karibu miezi miwili. Mtoto akishanenepa na mizani ikafurahi, usimtoe kwenye orodha yako ya kumtembelea. Mashavu yamerudi, kinga bado iko njiani. Maziwa ya mama nayo yana mchango: watoto wanaonyonya wameonekana kuwa na thaimasi kubwa kuliko wanaolishwa ya kopo.

Kwa wateja wa CTC mantiki ni hiyo hiyo. Mtoto au kijana akianza ARV mapema, CD4 zake kwa kawaida hupanda vizuri kuliko za mtu wa miaka 60, kwa sababu tezi yake bado inatoa seli mpya. Wanaokuuzia vidonge na maji ya chupa ya “kuongeza CD4” au “kufungua tezi ya kinga” wanakula hela za wagonjwa. Hakuna dawa iliyothibitishwa kuirudisha thaimasi iliyozeeka kwa mtu mzima, na ingekuwepo isingeuzwa stendi.

Sasa yule mama. Mwambie hakuna kosa lililofanyika. Thaimasi ya mtoto mchanga ni kubwa na imeufunika moyo, na mpasuaji hawezi kuufikia bila kuisogeza au kuipunguza. Ni jambo la kawaida katika upasuaji wa moyo wa watoto duniani kote. Mtoto huzaliwa akiwa na seli T tayari, kwa sababu tezi huanza kuzitoa akiwa tumboni, karibu na mwezi wa nne wa mimba, na kipande kilichobaki huendelea na kazi, mara nyingine hukua tena. Watoto waliofuatiliwa baada ya upasuaji wa namna hii wameonekana kuwa na seli T mpya chache kuliko wenzao, lakini walio wengi hawakuandamwa na maambukizi makali. Si kwamba tezi haina maana kabisa ukubwani: utafiti wa Marekani wa mwaka 2023 uliwalinganisha watu wazima walioondolewa thaimasi na waliopasuliwa kifua bila kuiondoa, na miaka mitano baadaye waliokufa walikuwa asilimia 8.1 kwa 2.8. Wapasuaji wengi siku hizi huacha wanachoweza kukiacha.

Kwa hiyo chanjo zinamhusu mtoto huyo kuliko wengine, si pungufu yao. Achukue karatasi ya upasuaji aende nayo kliniki, amweleze muuguzi sehemu ya thaimasi imeondolewa. Muulize pia kama aliwahi kuambiwa kuwa mtoto ana tatizo la kuzaliwa nalo liitwalo DiGeorge, ambalo huambatanisha kasoro ya moyo na thaimasi ndogo au isiyokuwepo, na mara nyingi kalisiamu ya chini. Kama jibu ni ndiyo, au kama mtoto anapata degedege bila homa, fangasi wa mdomoni asiyeisha au nimonia za kurudiarudia, basi zile chanjo zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama ya surua, zisubiri hadi daktari wa watoto aone hesabu ya seli T zake. Nyingine zisizo na vijidudu hai asizicheleweshe, ampeleke wiki hii.